Pingili ya Saba na ya Nane

Watu wa mtaani walimwita Fundi Pini, na mimi, kaka wa mkewe, ndiye niliyekuwa nikilicheka jina hilo kuliko wote. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anaamka alfajiri, anavaa shati lililonyooshwa pasi mpaka kwenye kola, anapanda ngazi za chuo kwenda kuchoma wadudu pini. Nilikuwa nikimwambia mbele ya dada yangu, "Shemeji, wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga maiti za panzi." Naye anacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Nasema alikuwa, ingawa yu hai na afya yake njema.

Mimi naandika mabango. Mtaani naitwa Brashi. Ukiona bango la kinyozi lenye kichwa kinachofanana na kichwa cha mtu, ni kazi yangu. Ukiona kichwa kama kiazi, muulize mwingine. Nayasema haya mapema kwa sababu rangi ya buluu iliyomo katika habari hii ilitoka kwenye kopo langu, na sitaki mtu afike katikati ndipo aanze kunikodolea macho.

Fundi Pini aliingia chuoni kama mfagiaji. Chumba cha wadudu kilikuwa ghorofa ya pili, madirisha yamebandikwa karatasi za kaki ili jua lisile rangi, makabati ya mbao toka sakafuni hadi darini, na harufu ya vidonge vya kufukuzia nondo ambayo dada yangu hakuweza kuitoa kwenye nguo zake kwa sabuni yoyote. Alifagia huko akitazama wengine wanavyofanya. Siku moja Mama Profesa, mkuu wa chumba hicho, alimkuta amemnyoosha kipepeo mabawa kwa njiti na vipande vya karatasi, sawasawa kushoto na kulia, wakati wanafunzi wake walikuwa bado wanawavunja miguu. Akamnyang'anya ufagio, akampa koleo ndogo ya kushikia wadudu, na kiti. Toka siku hiyo hakufagia tena.

Mimi sisifu watu ovyo, lakini mwandiko wake ulinitia wivu. Chini ya kila mdudu kulikuwa na kadi ndogo kuliko ukucha: mahali, tarehe, aliyemkamata. Herufi zimesimama kama zimepigwa chapa. Kadi ikiwa na mwandiko wa Fundi Pini, hakuna aliyeihoji. Na Mama Profesa, kila alipoleta wageni, alimshika bega na kusema, "Huyu hajawahi kuniharibia hata mdudu mmoja." Shemeji alikuwa akiinamisha kichwa kwa aibu ya kusifiwa, lakini jioni lazima ayarudie maneno hayo mbele yetu, mara moja tu, kama mtu anayeonja asali.

Sasa, kuna mdudu mmoja aliyempenda kuliko wote. Kereng'ende unamjua, yule anayerukaruka juu ya madimbwi. Huyu ni ndugu yake mwembamba, mwili kama sindano ya kushonea magunia, na akitua hufunga mabawa mgongoni badala ya kuyatandaza. Haishi popote tu. Anataka kijito chenye miti juu yake, kivuli, maji yanayotembea, na vijiti vilivyozama ambamo jike hutaga mayai. Kata miti, anahama. Dume lake ni jeusi, ila karibu na ncha ya mkia lina alama ya buluu ambayo, likitua kwenye jani lililopata tundu la jua, inawaka kweli kweli. Chumbani walimwita mkia-taa. Shemeji aliwahi kunipeleka kijitoni nikamwone. Nikang'atwa na siafu, nikatukana, lakini nilimwona, na tangu hapo kila nikichanganya buluu namkumbuka.

Tatizo la mkia-taa ni kwamba akifa, taa inazimika. Anageuka kahawia. Dawa yake ni kumweka hai siku moja ndani ya bahasha ya karatasi mpaka tumbo liwe tupu, halafu kumtumbukiza kwenye asetoni, ile wanayofutia rangi ya kucha. Hapo buluu inabaki. Lakini saa ya kumtumbukiza ikipita, basi tena.

Ijumaa moja Mama Profesa alimtuma kijitoni amletee dume moja la mwisho wa msimu, kwa ajili ya droo mpya. Akalipata. Akalitia bahasha, bahasha mfukoni mwa shati, akarudi nyumbani. Jumamosi asubuhi alipita kwangu akielekea chuoni, nami nilikuwa nimeshapanga drafti.

"Mchezo mmoja," nikamwambia.

"Nina mdudu wa kutia dawa, shemeji."

"Kwani atatoroka?"

Akakaa. Nikamfunga. Hakuna kitu kinachomkera Fundi Pini kama kufungwa drafti na mimi, kwa sababu nikishinda nasema sana. Tukacheza mpaka giza, na Jumapili tukaendelea, na lile shati dada alilitundika msumarini chini ya bati lililokuwa likiwaka jua mchana kutwa.

Jumatatu saa sita alikuja kwenye banda langu, uso umemshuka.

"Una buluu?"

"Ipi? Ya duka la dawa au ya shule?"

"Ya huyu." Akafungua bahasha juu ya meza yangu.

"Shemeji, hii ni njiti ya kiberiti."

"Hili ni kosa langu," akasema. Kisha akajikuna shingo. "Nafikiri niandike tu kwenye kadi kwamba ameharibika. Ndiyo kanuni. Nilikuja kuangalia rangi tu, basi."

Mtu haji kwenye banda la rangi kuangalia rangi tu. Alikuwa anataka asukumwe kidogo, na mimi nikamsukuma sana. "Miaka ishirini na miwili hujaharibu hata mmoja," nikamwambia, "leo uandike umeharibu, kisa drafti? Lete hapa." Nikachukua buluu, tone la nyeupe, na kijani cha kuchovya tu ncha ya kijiti. Nikachanganya juu ya kipande cha kioo mpaka akainama kuitazama. Nilijua nimeipata. Nikampunguzia brashi nywele zikabaki tatu.

Kupaka alipaka mwenyewe, amevaa lenzi jichoni. Mkia wa mdudu yule una pingili kumi, kama muwa, na buluu yake iko kwenye ya nane na ya tisa. Lakini Fundi, kwa haraka ya miaka mingi, alikuwa na tabia ya kuhesabu kutoka nyuma: ruka ya mwisho, mbili zinazofuata ndizo. Hakuona kwamba alipomtoa kwenye bahasha, pingili ya mwisho, iliyokauka, ilikatika ikabaki kwenye karatasi. Akaruka ya tisa akidhani ndiyo ya mwisho. Buluu ikakaa kwenye ya saba na ya nane.

Mama Profesa alitazama, akasema, "Vizuri," akafunga droo. Ikapita miaka minne.

Halafu akaja yule binti. Mwanafunzi wa shahada ya juu, mrefu, mwenye buti za mpira na swali mdomoni muda wote. Fundi alimfundisha kunyoosha mabawa, naye alimwita Mzee na kumletea karanga. Huyu alihesabu kama shule inavyofundisha, kutoka kifuani kwenda nyuma. Siku moja akavuta droo, akahesabu, akahesabu tena, akamwita Mama Profesa. Mikia-taa wote duniani wanaojulikana, nane na tisa. Huyu hapa, saba na nane. Pingili ya mwisho imekatika, ndiyo, lakini hilo ni la kawaida kwa mdudu mkavu. Kadi ilikuwa na mwandiko wa Fundi Pini. Basi ni aina mpya, isiyopata kuonekana popote.

Chumba kizima kilipiga makofi. Binti akasema akimpata wa pili, atampa jina la Mzee. Shemeji alikuwa amesimama karibu na sinki na chupa mkononi, na aliponisimulia jioni ile alisema alitaka kusema papo hapo, ila walikuwa wanacheka wote, na mmoja alishamletea soda. Aliongeza kwamba binti alisifu pia jinsi buluu ya mdudu yule ilivyokaa vizuri kuliko ya wengine. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijiona bingwa.

Binti akaingia kijitoni. Misimu miwili ya mvua, kila siku, jiwe kwa jiwe, akitafuta mdudu aliyetengenezwa kwenye meza yangu kati ya bango la kinyozi na bango la fundi viatu. Kila alfajiri Fundi alimtayarishia bahasha, akazipanga, akazifunga kamba, akampa. Usiku halali, mchana hali. Dada yangu akadhani ana vidonda vya tumbo, akawa anampikia uji.

Msimu wa pili binti aliteleza kwenye mawe akavunjika kifundo cha mkono. Shemeji akaenda hospitali na machungwa. Akamkuta na plasta, anacheka. "Mzee, nitampata hata kwa mkono mmoja," akamwambia. Shemeji akammenyea machungwa, akatoka, akaja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa juu ya ngazi.

"Kesho namwambia," akasema kutoka chini.

Nikashuka. Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu nimejipamba vya kutosha. Wakati huo chuo kilikuwa kimeniahidi kazi ya kuandika milango yao yote, jengo zima, na Mama Profesa ndiye aliyenipendekeza, kwa kuwa mimi ni shemeji wa Fundi wake. Sikutaka mlango hata mmoja unipite. Lakini hilo sikulisema. Nilichosema ni: "Ukimwambia leo, atakuwa amevunjika mkono bure. Unataka kumuua? Mwache. Asipompata atachoka, ataandika kitu kingine. Nyamaza, shemeji. Kunyamaza ndiyo huruma."

Nilimwona anavyoniamini. Alinishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Binti hakuchoka. Alimaliza, akaandika kitabu chake chote, na ikapangwa siku ya kukitetea mbele ya watahini watatu. Asubuhi ya siku hiyo Fundi Pini alikuwa bandani kwangu kabla sijafungua kufuli. Alikuwa amevaa tai.

"Leo nasema," akaniambia. "Siwezi kumwacha asimame na uongo wangu mbele ya watu wale. Ila miguu yangu siiamini. Njoo ukae na mimi. Nikisimama, usimame, tuwaambie pamoja ilivyokuwa. Nikiwa peke yangu nitashindwa."

"Nitasimama," nikasema. "Shemeji, mimi huyu? Nitasimama." Na nikajipiga kifua.

Tukakaa safu ya nyuma. Ukumbi ulijaa wanafunzi, watahini mbele na chupa zao za maji, Mama Profesa pembeni. Ukutani walirusha picha ya ule mkia, mkubwa kama mlango. Niliona wazi mahali brashi ilipoanzia na ilipoishia, nikashangaa kwamba watu wazima wenye shahada hawaoni. Binti akaeleza vizuri, hakubabaika. Akafika mahali pa kusema kwamba misimu miwili hakumwona hata mmoja, na kwamba huenda yule wa kwenye droo ndiye alikuwa wa mwisho, kwa kuwa miti ya kijitoni inakatwa. Mama Profesa akavua miwani akaifuta.

Fundi akasimama.

"Samahani, binti yangu," akasema. "Usiendelee."

Akatembea mpaka mbele. Miguu yake haikumsaliti hata kidogo. Akafungua kisanduku cha yule mdudu kilichokuwa mezani, akatoa chupa ya asetoni mfukoni, akalowesha pamba, akaipitisha mkiani taratibu, na huku mkono mwingine unamshika mdudu kwa adabu ileile ya siku zote. Akaweka pamba mbele ya watahini. Ilikuwa na buluu yangu.

Akaeleza. Bahasha, shati, njiti ya kiberiti, kuhesabu kutoka nyuma. Hakujitetea popote. Drafti aliiruka. Mtahini mmoja, mwenye upara, akauliza kwa sauti ya chini, "Rangi uliitoa wapi? Kuna mtu mwingine aliyejua?"

Ndipo akatazama nyuma, nilipokaa. Hakuwa na hasira. Alikuwa akisubiri tu, kama mtu aliyekushikia mlango akiamini uko nyuma yake.

Nilikuwa na milango sita haijaisha. Ngazi yangu ilikuwa koridoni, makopo yangu yako chini yake. Nilitazama mguu wa kiti kilichokuwa mbele yangu, wa chuma, una kipira cheusi chini, na niliutazama mpaka nikausoma wote. Mtu wa mdomo kama mimi. Ulimi ulikuwepo na maneno yalikuwepo.

"Hakuna," nikamsikia akisema. "Ni mimi peke yangu."

Binti alisogea mezani, akaitazama ile pamba, kisha akamtazama yeye. "Siku ile hospitali, ulishajua?"

"Nilijua."

"Na machungwa ukanimenyea," akasema. Akakusanya karatasi zake, akaketi.

Watahini walimpa binti mwaka mmoja zaidi, akaandika upya juu ya mikia-taa wa kawaida, wa nane na tisa, na kazi ikapita. Kwa Fundi Pini habari hazina uchangamfu huo. Walimnyang'anya funguo. Hawakumfukuza, walimwonea huruma, ambayo kwake ilikuwa mbaya zaidi: wakampeleka stoo ya viti vya mikutano, ghorofa ya chini, na huko yuko mpaka leo, anapanga viti. Na kwa kuwa mdudu mmoja alipakwa rangi, nani atajua wangapi wengine? Mama Profesa akaamuru kila droo iliyopita mikononi mwake, miaka yake yote pale, iwekwe kadi nyekundu: USITUMIE KABLA YA UKAGUZI.

Kadi hizo zilihitaji mwandishi. Chuo kilikuwa na mwandishi wake.

Niliziandika kwa siku nne, nimekaa kwenye kiti cha shemeji, chini ya taa yake yenye shingo ya kukunja. Siku ya tatu alipita akibeba viti viwili, akasimama mlangoni. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Akazitazama zile kadi zilizokuwa zikikauka. "Herufi zimekaa sawa," akasema, akaenda zake.

Dada yangu hajui. Hiyo ndiyo aibu inayonilala kifuani, kwamba mpaka ninapoandika haya hajui. Aliacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama kwa sababu ya minong'ono. Sokoni anapita njia ya nyuma. Kila Jumapili huniita chakula cha mchana, na nikiwa pale ndipo hasira zake hupata msikilizaji. Jumapili iliyopita hakungoja hata ninawe.

"Umetuvua nguo," akamwambia mumewe, huku akipakua. "Watoto wanaulizwa shuleni kama baba yao ndiye yule. Mtu huna haya. Mtazame kaka yangu huyu. Rangi ndiyo kazi yake, asubuhi mpaka jioni, na hajawahi kumdanganya mtu kwa rangi. Kaka, hebu mwambie. Mwambie wewe, labda atakusikia."

Nilitazama ng'ambo ya meza. Siku za mwanzo, dada alipokuwa akisema hivi, shemeji aliniangalia kidogo, akangoja. Siku hizi haniangalii tena. Alichukua bakuli la mboga, akalisogeza mpaka mbele yangu.

"Kula, shemeji," akasema. "Kinapoa."

Nikashika kijiko nikala mpaka nikamaliza, na dada akaniongezea.